Programu za Kuendeshea Michezo ya Mezani ya Kuigiza Wahusika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma

Maswali haya yanatoka kwa wachezaji wa Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi, na kwa ndugu zao walio Kasulu, Dar es Salaam na kwingineko wanaotaka kucheza nao kwa mbali. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Jambo moja linapita ndani ya karibu majibu yote: usiichague programu kwa uzuri wa picha zake, ichague kwa kujua itakwamia wapi siku bando likiisha au umeme ukikatika.

## Mwanzo

1. Mchezo wenyewe ni upi, na programu inaingia wapi?

Watu wachache wanakaa pamoja. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mnachokiona na mnachokisikia, anaigiza maadui na wapita njia, na ndiye mwamuzi wa kanuni. Wengine wana mhusika mmoja mmoja, wakiamua anasema nini na anafanya nini. Pale ambapo haijulikani jambo litaishaje, dadu zinarushwa. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Kwa miaka mingi baada ya hapo vifaa vilikuwa karatasi, penseli na dadu, basi.

Programu zimekuja kubeba kazi ambazo mikono inazichoka: kuonyesha ramani na kusogeza kete juu yake, kurusha dadu na kujumlisha, kutunza karatasi za wahusika, kuhifadhi kumbukumbu za msimulizi, na kupitisha sauti kama hamko chumba kimoja. Programu inayounganisha ramani, kete, dadu na karatasi za wahusika humu tunaiita meza ya mtandaoni, hata kama mtandao wenyewe hautoki nje ya sebule yenu (swali la 9).

2. Ni lazima niwe na programu ndipo nicheze?

Hapana. Na kama hujawahi kuendesha mchezo hata mara moja, anza bila programu. Utajua ni kazi gani inakusumbua, kisha utafute programu ya kazi hiyo tu. Anayeanza na programu hutumia jioni nzima kupanga taa za mapango ambayo hakuna atakayefika.

3. Sisi wote tuko Kigoma na tunakutana uso kwa uso. Itatusaidia nini?

Mambo mawili tu, ila ni makubwa. La kwanza ni ramani. Chomeka laptopu kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, fungua dirisha la mchezaji upande wa televisheni, nawe ubaki na dirisha la msimulizi kwenye laptopu. Wanachokiona wao ni sehemu waliyofika. Kwingine kumefunikwa giza. La pili ni kumbukumbu: jina la muuza mafuta ya mawese mliyemdanganya miezi mitatu iliyopita linapatikana kwa kutafuta neno moja.

Karatasi za wahusika ziacheni ziwe karatasi. Ukimpa kila mtu sababu ya kushika simu mezani, baada ya nusu saa wawili wako Instagram. Dadu nazo zirushwe kwa mkono. Hakuna programu iliyowahi kuifanya meza nzima isimame kama dadu inayozunguka na kukataa kutulia.

4. Nina simu tu, sina kompyuta. Naweza?

Ukiwa mchezaji, ndiyo, na kwa urahisi. Ukiwa msimulizi, inawezekana lakini chagua kwa makini. Owlbear Rodeo hufunguka ndani ya kivinjari cha simu na imeachwa nyepesi kwa makusudi: ramani, kete, giza la kufunika, dadu. Mchezaji hahitaji hata kufungua akaunti. Unamtumia linki anaingia. Roll20 nayo ni ya kivinjari, ila kwenye kioo cha simu inabana. Foundry haikutengenezwa kwa ajili ya simu na kulazimisha ni kujitafutia maumivu ya kichwa. MapTool haifunguki kabisa kwenye simu.

Wapo wanaoendesha mchezo mzima kwa kundi la WhatsApp: picha ya ramani iliyochorwa kwa mkono, sauti, na dadu zinazorushwa mbele ya kamera. Hakuna aibu katika hilo. Tazama pia swali la 20.

## Kuchagua na kulipia

5. Kati ya Roll20, Foundry, MapTool na Owlbear Rodeo, ipi ni bora?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na kila anayelijibu kwa neno moja anakueleza hali ya nyumbani kwake, siyo ya kwako.

Roll20 ilianza mwaka 2012 na inakaa kwenye seva za wenyewe, yaani kompyuta zao zinazowahudumia wachezaji kupitia intaneti. Hufungi chochote, unafungua akaunti na kuanza. Faida yake kwetu ni kwamba kila mchezaji anatumia bando lake mwenyewe, na laptopu ya msimulizi ikizimika mchezo unabaki ulipo. Ubaya wake: bila intaneti hakuna mchezo, na akaunti ya bure ina nafasi ya MB 100 tu kwa picha zako zote.

Foundry Virtual Tabletop ilitoka mwaka 2020. Unainunua mara moja, unaifunga kwenye kompyuta yako, na kompyuta hiyo inakuwa seva. Wachezaji wanaingia kwa kivinjari. Ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote nne, na ndiyo inayokula muda wa msimulizi kuliko zote nne. Inataka laptopu yenye nguvu kiasi, kwa sababu ramani inachorwa na kadi ya picha. Kwenye laptopu chakavu punguza ubora ndani ya mipangilio kabla ya kulaumu mtandao.

MapTool ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Sura yake imezeeka, lakini giza, taa na upeo wa macho wa kila kete vinafanya kazi vizuri. Kila mchezaji lazima awe na kompyuta iliyofungwa MapTool ya toleo lilelile. Mmoja akija na toleo la zamani, mtaanza kikao kwa kupitishana flashi.

Owlbear Rodeo nimeieleza katika swali la 4. Kwa kikundi kipya ningeanzia hapo bila kusita.

Kwa meza inayokutana Kigoma mjini na yenye laptopu moja nzuri, mimi ninaiweka Foundry mbele kwa sababu iliyo katika swali la 9. Kwa meza iliyotawanyika mikoani, Roll20 au Owlbear. Kuna nyingine nyingi, Fantasy Grounds ikiwa ya zamani zaidi kati ya zinazojulikana, na nzuri tu, ila sijaona sababu ya kumpeleka huko mtu anayeanza.

6. Nani analipa? Kila mchezaji?

Inategemea. Foundry ni dola 50 za Marekani kabla ya kodi, na anayelipa ni msimulizi peke yake. Mkichangishana, kubalianeni mapema leseni inakaa kwa nani, maana leseni moja inaruhusu mchezo mmoja tu kuwa wazi kwa wachezaji kwa wakati mmoja. Roll20 na Owlbear Rodeo zina akaunti za bure, na ukitaka zaidi unalipia kwa mwezi au mwaka. Hapo pia mchezaji wa kawaida halazimiki kulipa. MapTool hailipiwi.

Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia pesa za simu. Kwa huduma zinazojirudia kila mwezi, weka kwenye kadi kiasi cha mwezi huo tu.

7. Kuna jamaa ana Foundry "iliyovunjwa". Nichukue?

Acha. Foundry ni seva: unafungua mlango kwenye kompyuta yako ili wengine waingie. Kufungua mlango huo kwa programu iliyoguswa na mtu usiyemjua ni jambo lingine kabisa na kunakili wimbo. Kama dola 50 hazipo, MapTool ipo na ni halali.

## Bando, mtandao na umeme

8. Kikao kimoja kinakula MB ngapi?

Kinachokula ni sauti na picha za video. Dadu na kete ni kama hakuna. Chukua Discord, ambayo wengi hutumia kwa sauti. Chaneli ya sauti kwa kawaida imewekwa kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni kilobaiti 8 kwa sekunde, karibu MB 29 kwa saa kwa mtu mmoja anayeongea mfululizo. Kwa kuwa watu wastaarabu huongea mmoja mmoja, kikao cha saa tatu kinaangukia kwenye MB 100 hivi kwa kila mtu, na ziada kidogo. Mwenye chaneli anaweza kuishusha hadi kilobiti 32, na matumizi yakashuka karibu nusu. Sauti itakuwa nyembamba lakini inasikika.

Video ni habari nyingine. Ikienda kwa megabiti 1.5 kwa sekunde, ni MB 675 kwa saa. Zimeni kamera. Nyuso zenu mnazijua.

Kisha ramani. Hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wapya hawalioni: ukiwa mwenyeji wa seva (Foundry au MapTool) na marafiki wanaingia kwa mbali, wewe ndiye unayewatumia ramani. Picha ya MB 10 kwa wachezaji watano ni MB 50 zinazotoka kwako, na kwa mitandao ya simu njia ya kupandisha mara nyingi ni nyembamba kuliko ya kushusha. Dawa iko swali la 12.

9. Tunaweza kucheza bila intaneti kabisa?

Ndiyo, na kwa maoni yangu hii ndiyo namna inayotufaa zaidi hapa, ila watu hawaijui kwa sababu neno "mtandaoni" limewatisha.

Kompyuta na simu zinaweza kuongea zenyewe kwa zenyewe kupitia Wi-Fi bila kutoka nje. Kinachohitajika ni kitu cha kuzikusanya. Ruta yoyote ya zamani inafaa hata kama haina laini ndani. Simu ya Android nayo inafaa: washa hotspoti, kisha zima data. Laptopu ya msimulizi na vifaa vya wachezaji vinajiunga kwenye hotspoti hiyo. Simu nyingi hupokea vifaa visivyozidi nane au kumi, nayo inatosha kwa meza yoyote yenye akili timamu.

Kwa Foundry, mambo yanakwenda hivi. Ukiwa bado una bando, fungua programu mara ya kwanza ili leseni ithibitishwe, na pakua mfumo wa kanuni na ramani zote unazohitaji. Siku ya kikao, washa ulimwengu wako. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Tafuta namba inayoanza na 192.168 au 10. Tuseme ni 192.168.43.5. Wachezaji wanaandika kwenye kivinjari http://192.168.43.5:30000 na wanaingia. Hiyo 30000 ndiyo namba ya mlango wa Foundry usipoibadilisha.

Wasipoingia, sababu karibu zote ni tatu. Ukuta wa usalama wa Windows umeizuia: mara ya kwanza uliulizwa kama uruhusu, ukabonyeza kufuta, nao umekumbuka. Au simu ya mchezaji imeona Wi-Fi haina intaneti, ikarudi yenyewe kwenye data ya laini. Mwambie azime data. Au namba imebadilika, maana hotspoti inaweza kugawa namba mpya kila ikiwashwa. Iangalie upya kila kikao.

MapTool inafuata njia hiyohiyo, mlango wake ukiwa 51234. Roll20 na Owlbear Rodeo haziwezi, kwa sababu seva zake ziko mbali.

10. Rafiki yangu yuko Dar es Salaam. Nimempa namba ya kompyuta yangu lakini haingii. Kwa nini?

Kama ulimpa namba inayoanza na 192.168, hiyo ni ya ndani ya nyumba yako. Kwa mtu wa Dar haina maana yoyote. Huenda yeye mwenyewe ana kifaa chenye namba hiyohiyo.

Kama ulitafuta "namba ya nje" ukampa, bado haitafika ikiwa unatumia intaneti ya laini ya simu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja ya nje. Ombi la rafiki yako linafika mlangoni pa kampuni, na pale hakuna anayejua limpelekee mteja yupi. Maelekezo ya kufungua mlango kwenye ruta, ambayo utayakuta kila mahali, yameandikwa kwa watu wenye intaneti ya waya na namba yao wenyewe. Usipoteze usiku wako kuyafuata.

Njia zinazofanya kazi ni mbili. Ya kwanza ni handaki: programu ndogo kwenye laptopu yako inatoka nje na kushika mahali, na wachezaji wanapitia hapo. Cloudflare ina programu ya cloudflared. Ukiandika amri cloudflared tunnel --url http://localhost:30000 inakupa anwani ya muda ambayo mchezaji anaifungua kwa kivinjari bila kufunga chochote. Anwani inabadilika kila ukiwasha, kwa hiyo itume kwenye kundi dakika chache kabla ya kuanza. Ya pili ni mtandao wa faragha, kama ZeroTier au Tailscale: kila mtu anafunga programu, na vifaa vyenu vinajiona viko nyumba moja. Mipango yao ya bure ina kikomo cha vifaa au watumiaji, lakini anwani yako inatulia.

Kama hayo yote yanachosha, kodi seva ya Foundry kwa wanaokodisha, au rudi Roll20. Kumbuka bado swali la 8: ukitumia handaki, bando linaloumia ni lako.

11. Umeme ukikatika katikati ya vita?

Foundry huandika kila badiliko papo hapo kwenye diski. Roll20 huhifadhi kwenye seva yake. Katika hizo mbili hupotezi zaidi ya sentensi moja. MapTool huhifadhi unapoiamuru, ingawa ina mpangilio wa kujihifadhi kila baada ya muda; hakikisha umewashwa.

Laptopu ina betri, ruta haina. Ndiyo sababu tunapendelea hotspoti ya simu kuliko ruta hata pale ruta ipo. Na msimulizi awe na daftari lenye mambo matatu: uhai uliobaki kwa kila mhusika, zamu ni ya nani, na adui yuko wapi. Taa zikizimika mnaendelea kwa tochi. Vikao kadhaa vitamu nilivyowahi kukaa viliisha hivyo, na hakuna aliyeomba ramani irudi.

## Ramani na dadu

12. Ramani yangu inachukua muda mrefu kufunguka.

Picha ni kubwa kupita mahitaji. Piga hesabu ya miraba. Roll20 kwa kawaida hutumia nukta (pikseli) 70 kwa upande wa mraba, Foundry 100. Chumba cha miraba 30 kwa 20 kwenye Roll20 kinahitaji picha ya nukta 2100 kwa 1400, siyo zaidi. Kisha ibadilishe kutoka PNG kuwa WebP; kwa ramani zilizopakwa rangi, faili hupungua sana bila macho kuona tofauti. Lenga chini ya MB 2 kwa ramani. GIMP, ambayo ni ya bure, inafanya yote mawili.

Ramani za video zenye moto unaowaka na maji yanayotiririka zifute. Ziwa liko pale nje.

13. Naweza kuchezea hadithi ya kwetu badala ya majumba ya kifalme ya Ulaya? Ramani nitapata wapi?

Unaweza, na ungepaswa. Tatizo ni kwamba vitengeneza-ramani vingi vya bure vimejaa Ulaya ya kale. Kile cha Watabou cha miji kinakupa kuta za mawe na kanisa kuu katikati. Ukikiomba Ujiji hakitakuelewa. Azgaar, ambacho hutengeneza mabara mazima, kinafaa zaidi kwa sababu unaweza kubadilisha majina, mipaka na makabila mwenyewe. Dungeon Scrawl hakina upendeleo: ni mistari na miraba, nawe unachora unachotaka, iwe pango, stesheni au tembe la Unyanyembe.

Mfano mzuri kuliko wote umeelea mbele ya macho yetu. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiiache mikononi mwa adui. Ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Ina urefu wa meta 71 hivi na upana wa meta 10 hivi. Katika kanuni nyingi mraba mmoja ni futi tano, yaani meta moja na nusu. Kwa hiyo sitaha yake ni miraba 48 kwa 7. Kwa nukta 70 ni picha ya 3360 kwa 490: nyepesi, ndefu, nyembamba. Hapo una uwanja wa mapigano ambao hakuna mtu anayeweza kukimbilia pembeni. Ramani ya pili iwe ya chumba cha injini, ya tatu ya ngama. Weka kisa chako mwaka 1916, usiku wa kabla ya kuizamisha, na wahusika wawe ndani wakitafuta kitu ambacho hakipaswi kuzama nayo.

Kwa safari, tumia gridi ya pembe sita. Roll20 na Foundry zote zinayo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi na upana wa wastani wa kilometa 50. Pembe sita moja ikiwa kilometa 10, una safu ndefu ya 67 kwa 5 hivi. Milima ya Mahale na Gombe inajipanga yenyewe pwani ya mashariki, na msimulizi hana haja ya kubuni sababu ya watu kupita njia ya maji.

Kwa mitaa ya leo, OpenStreetMap inatoa ramani unayoruhusiwa kuitumia ukitaja chanzo. Na ramani iliyochorwa kwa kalamu kwenye karatasi ya hesabu, ikapigwa picha mchana pasipo kivuli, inaingia kwenye programu zote nne. Usiidharau.

14. Dadu za programu zinanionea. Ni za haki kweli?

Ni za haki kuliko dadu ya plastiki uliyonayo. Tatizo ni kwamba bahati halisi haifanani na bahati tunayoitarajia. Ukirusha dadu ya pande 20 mara ishirini, uwezekano wa kutopata 20 hata mara moja ni karibu asilimia 36. Zaidi ya theluthi moja! Kupata moja mara tatu mfululizo ni nafasi moja kati ya 8,000, na meza yenye watu watano inarusha mara nyingi sana kwa mwaka. Itamkuta mtu, na hatanyamaza.

Wasioamini warushe za mkono mbele ya wenzao. Foundry inaruhusu mchezaji kuingiza matokeo ya dadu halisi.

15. Hatuna dadu za pande 20, na madukani hazionekani. Tufanyeje?

Kuna namna ya karatasi: andika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vilivyo sawa, vitie kwenye kopo, chomoa, kisha rudisha. Wengine husahau kurudisha, na hapo siyo dadu tena.

Au chagua kanuni zinazotaka dadu za ludo tu. Fate ni mojawapo: unarusha dadu nne, 1 na 2 ni kutoa, 3 na 4 ni sufuri, 5 na 6 ni kujumlisha. Au tumia dadu za simu, mradi simu iwe moja tu katikati ya meza. Kwenye Discord kuna roboti za kurusha, Avrae ikiwa maarufu kwa wachezaji wa Dungeons & Dragons; unaandika !r 1d20+5 na jibu linaonekana kwa wote.

## Lugha, sheria na mengine

16. Naruhusiwa kutafsiri kanuni kwa Kiswahili na kuzigawa?

Kwa baadhi ya kanuni, ndiyo. Januari 2023, baada ya malumbano makali na wachezaji, wamiliki wa Dungeons & Dragons waliweka hati ya msingi ya kanuni za toleo la tano, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons CC BY 4.0. Unaweza kuitafsiri, kuibadilisha, hata kuiuza, ukitaja chanzo kama leseni inavyotaka. Fate nayo ina leseni ya namna hiyo. Vitabu vyenyewe vilivyochapishwa ni kitu kingine. Picha, visa na sehemu zisizomo kwenye hati ya msingi bado zina mwenyewe.

17. Programu zenyewe zinaweza kuwa kwa Kiswahili?

Foundry inasoma maneno yake kutoka kwenye faili za JSON, kwa hiyo mtu mwenye subira anaweza kuandaa faili ya Kiswahili na kuifunga kama nyongeza. Anza na karatasi ya mhusika, ndiyo wachezaji wanayoitazama muda wote. Kwa Roll20, njia rahisi ni kuandika karatasi yako kwenye sehemu ya maelezo kwa lugha unayotaka.

18. Akili mnemba inaweza kuwa msimulizi?

Inaweza kuongea bila kuchoka, jambo ambalo msimulizi mzuri hafanyi. Itumie kukuandalia orodha ya mizigo ya boti au uvumi wa sokoni kabla ya kikao, halafu ufute nusu. Majina ya watu na vijiji yatoe kwenu mwenyewe.

19. Mama anasema michezo hii ni ushirikina, na nywila zangu ziko hatarini.

Ni maswali mawili, lakini huletwa pamoja. La kwanza: mkaribishe akae akiwa na chai yake, asikilize kikao kimoja. Ataona watu wakibishana kuhusu bei ya kamba. La pili lina msingi zaidi. Mwaka 2019 ilijulikana kuwa taarifa za akaunti milioni kadhaa za Roll20 zilikuwa zimeibwa. Tumia nywila ambayo hutumii kwingine, hasa siyo ile ya barua pepe. Kwa vyumba vya watoto, chumba kiwe cha kualikwa tu.

20. Wachezaji wetu husafiri, wengine wako ziwani wiki nzima. Tunaweza kucheza bila kukutana saa moja?

Chezeni kwa maandishi. Kundi la Telegram au chaneli ya Discord. Msimulizi anaandika hali, kila mtu anajibu akipata mtandao, na asiyejibu kwa siku mbili msimulizi anamwamulia. Vita vinakuwa vya polepole mno, kwa hiyo rusheni dadu moja kwa kundi zima la maadui, na ramani iwe picha moja inayosasishwa. Visa vya upelelezi na siasa vinafaa zaidi hapa kuliko mapigano.

Aliye peke yake kabisa, tuseme Kibondo bila kikundi, anaweza kujaribu Ironsworn ya mwaka 2018. Inapatikana bure kwa Kiingereza na imeandikwa ichezeke hata bila msimulizi.

21. Msimulizi wetu amehamishwa kikazi na laptopu ni yake. Tunabakije na kisa chetu?

Kwa Foundry, nakili folda ya ulimwengu wenu iliyo ndani ya Data/worlds kwenye flashi, pamoja na folda ya picha kama mliziweka kwingine. Programu iwe imezimwa wakati wa kunakili. Msimulizi mpya anahitaji leseni yake na toleo lilelile au jipya zaidi. Akifungua kwa toleo jipya, ulimwengu hauwezi kurudi nyuma, kwa hiyo nakala ya kwanza isiguswe. Kwa MapTool, yote yako kwenye faili moja yenye mwisho wa .cmpgn. Roll20 haina njia nyepesi ya kuutoa mchezo mzima, ila msimulizi anaweza kumpandisha mwenzake kuwa msimulizi ndani ya mchezo uleule, nanyi mkaendelea.

Kumbukumbu za kisa ziandikwe nje ya meza ya mtandaoni tangu mwanzo, kwenye faili za maandishi za kawaida. Obsidian inafaa: haihitaji intaneti, na faili zinafunguka hata bila yenyewe. Folda nzima ya miaka miwili ya uchezaji, bila picha, inaingia kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp, kwa hiyo mwombeni aitume kabla hajapanda treni.